Mrija hauzai madume peke yake

Huku Njoro na Molo, ng'ombe akizaa ndama dume mara mbili mfululizo, lawama humwendea mpandishaji, yule anayemtia ng'ombe mbegu ya fahali kwa mrija badala ya kumpeleka kwa fahali: "Mbegu ya mrija huleta madume tu." Si kweli. Mbegu hiyo imetoka kwa fahali wa kawaida, ikagandishwa katika naitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sufuri. Baridi haichagui jinsia. Karibu nusu huleta jike, nusu dume, kama fahali wa jirani tu (ambaye ndama wake dume hakuna anayewahesabu). Ukitaka mitamba, ipo mbegu iliyochambuliwa kijinsia: takriban ndama 9 kati ya 10 huwa majike, ila bei yake inauma. Tena, ng'ombe akionyesha joto (dalili za kutaka dume) asubuhi, apandishwe jioni.