Upotevu wa gharama kubwa haumo kwenye pipa la taka

Mwenye kiwanda akiniita nimsaidie kupunguza upotevu, karibu kila mara hunipeleka kwanza kwenye lundo la chakavu. Ananionyesha vipande vya bati na mabaki ya plastiki, ananitajia bei anayolipwa na mnunuzi wa chakavu, kisha ananiuliza tupunguze vipi. Lundo lile ni hasara kweli, ila angalau linaonekana. Mimi hutiwa wasiwasi zaidi na kile kilichopangwa vizuri ghalani, kina lebo, na mhasibu amekiandika kuwa mali.

Taiichi Ohno, mhandisi wa Toyota, alitaja aina saba za upotevu: kuzalisha kupita mahitaji, kusubiri, kuhamisha vitu huku na huko, kuifanyia bidhaa kazi isiyohitajika, akiba iliyozidi, mizunguko ya bure ya wafanyakazi, na bidhaa zenye kasoro. Wengi huzifundisha kana kwamba zina uzito sawa. Ohno mwenyewe aliiona ya kwanza kuwa mbaya kuliko zote, kwa sababu ndiyo huzaa nyingine. Ukitengeneza kisichohitajika leo, itakubidi ukibebe, ukitafutie nafasi, ukihesabu na kukilinda. Na kama kina kasoro, hutajua mpaka kitakapotumika, wakati mashine imeshatoa vingine chungu nzima vya aina hiyohiyo.

Kwa nini basi viwanda vinazalisha kupita kiasi? Si ujinga. Kubadilisha kalibu, yaani umbo la chuma linalokipa kipande sura yake, huchukua saa nyingi, kwa hiyo fundi akishaifunga anataka aitumie mpaka achoke. Dawa yake ilionyeshwa na Shigeo Shingo, mhandisi wa Kijapani. Mwaka 1969, katika kiwanda cha Toyota, presi (mashine ya kukandamiza bati) yenye nguvu ya tani 1,000 ilikuwa ikihitaji saa nne kubadilishiwa kalibu. Kwanza muda ulishuka hadi dakika 90, kisha hadi dakika tatu. Siri kubwa ilikuwa kutenganisha kazi zinazolazimu mashine isimame na zile zinazoweza kufanywa ikiendelea kuzunguka: kuleta kalibu mpya, kuandaa spana, kukagua boliti. Katika viwanda vingi fundi huanza kutafuta spana mashine ikiwa tayari imezimwa. Tatizo ni kwamba wengine wakishaokoa muda huo huutumia kuzalisha vingi zaidi, badala ya kubadilisha mara nyingi na kutengeneza kidogo kidogo. Hapo ghala hujaa upesi kuliko zamani.

Athari ya mrundikano unaweza kuipiga hesabu. Chukua idadi ya vipande vilivyo kati ya hatua ya kwanza na ya mwisho, igawanye kwa vinavyokamilika kwa siku. Vikiwa 2,000 na vinatoka 200 kwa siku, kipande kinachoingia leo kitatoka baada ya siku 10, hata kama kazi yake halisi haizidi saa moja. Malighafi umeshailipia, mteja bado hajakulipa.

Kasoro nazo zinadanganya. Msimamizi anayepitisha vipande 98 kati ya 100 hujisifu, lakini hatua tano za namna hiyo zikifuatana, ni vipande kama 90 tu vinavyofika mwisho bila dosari. Na kipande kinachokataliwa hatua ya tano kimeshakula umeme na kazi ya hatua nne. Kukipima kwa bei ya chakavu ni kujidanganya. Kiwango cha kimataifa cha ISO 14051, kilichotolewa mwaka 2011, kinahusu hesabu ya aina hii: mabaki yanabebeshwa sehemu yao ya malighafi, nishati na kazi. Wahasibu wengi hawaipendi mwanzoni.

(Kwa pembeni: kama mna kompresa, yaani mashine ya kushindilia hewa, iacheni ikiwaka, zimeni mashine nyingine zote, kisha tembeeni kiwandani na msikilize. Mfumo usiotunzwa unaweza kupoteza asilimia 20 hadi 30 ya hewa yake kwenye mivujo.)

Kuokoa malighafi na nishati huonekana moja kwa moja kwenye faida. Kama katika kila 100 ya mauzo unabaki na 5, kuokoa 1 kunapandisha faida kwa asilimia 20. Ukitaka ongezeko hilo kupitia mauzo, kwa uwiano uleule, uuze zaidi kwa moja ya tano. Kuokoa muda ni jambo jingine. Dakika zilizookolewa kwenye mashine ambayo hata hivyo husubiri nyingine haziongezi chochote. Kwa hiyo tafuta kwanza mashine ambayo vipande hujazana mbele yake, uanzie hapo.

Kisha tazama bonasi ya zamu inahesabiwaje. Ikiwa ni kwa idadi ya vipande, wafanyakazi watajaza ghala, na hawana kosa. Huwa nashauri vihesabiwe tu vile ambavyo hatua inayofuata iliviomba na ikavipokea vikiwa vizima.