Nyumba yako haitaki koti la saruji

Wiki mbili zilizopita alinipigia simu mzee mmoja wa Kiponda, hapa Mji Mkongwe wa Zanzibar. "Fundi, njoo unitilie plasta ya saruji huku upande wa njiani, ukuta unaliwa na maji." Nikamwambia, mzee wangu, saruji mimi sitii. Akacheka mpaka akakohoa. "Fundi gani wewe unayeogopa saruji?"

Huyo ni wa nne tangu mwezi uandame, na masika yenyewe hata hayajakolea. Basi nimeona niandike. Wa tano nitampelekea haya asome, mimi ninywe kahawa yangu kwa raha.

Maneno ni yale yale siku zote: chokaa ni laini, ukiigusa inapukutika, saruji ngumu, nyumba mbovu ivishwe kitu kigumu itapona. Anayesema hivyo si mjinga. Maisha yake yote ameona Ng'ambo, upande mpya wa mji, ikijengwa kwa matofali, maghorofa ya Michenzani yako mbele ya macho yake, na fundi anayemleta kajifunzia kazi huko huko kwenye zege na nondo. Kosa lake ni moja tu: anadhani ukuta ni ukuta.

Ukuta wa Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yasiyo na umbo, yamelazwa kwenye udongo mwekundu uliotiwa chokaa, unene sentimita 50, 60, pengine zaidi. Chini hauna kitu cha kuzuia unyevu. Maji ya ardhini hupanda humo kama mafuta yanavyopanda utambi wa taa, na chumvi hupanda nayo. Wazee walilijua hilo. Hawakushindana na maji, waliyapa pa kutokea. Plasta ya chokaa ina vitundu. Maji yakifika usoni yanakwenda zake na upepo, chumvi inabaki kwenye plasta, na baada ya miaka kadhaa plasta inapukutika, unapiga nyingine. Inapukutika yenyewe ili jiwe lisipukutike. Kwa hiyo mtu akinionesha vumbi la chokaa sakafuni kama ushahidi, ananionesha plasta iliyofanya kazi yake.

Sasa ivishe saruji. Maji hayajaacha kupanda, yamefungiwa mlango tu. Yataendelea juu mpaka pale koti linapoishia. Ukuta uliokuwa na unyevu wa kufika magotini, baada ya masika mawili matatu una unyevu wa kufika ghorofa ya kwanza. Na kwenye ghorofa ya kwanza ndiko viliko vichwa vya boriti.

Hapa tutulie kidogo, maana hapa ndipo ninapokereka, na sijaona mtu akiuliza. Boriti zetu ni mikoko, urefu wake wa kazi ni mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Ndiyo sababu vyumba ni vyembamba na virefu kama mashua. Wazee hawakuchukia nafasi, mti ulikomea hapo. Kichwa cha boriti kimezikwa ndani ya ukuta, huku na huku. Mkoko mkavu unaishi zaidi ya umri wa mjenzi na wajukuu zake. Mkoko uliokalishwa kwenye unyevu usiokauka huoza kichwa peke yake, kiwiliwili kikabaki kizima. Unaingia chumbani, mwenye nyumba anakuonesha dari kwa fahari: boriti zimenyooka, zimepakwa rangi, hazina mchwa. Mimi natoa bisibisi, napanda ngazi, naichoma pale mti unapoingia ukutani. Inazama mpaka mpini.

Na boriti kazi yake si kubeba sakafu tu. Ndizo zinazoshika kuta zisiachane. Vichwa vikishaoza, kila ukuta unabaki na lake, ule wa njiani unaanza kufanya tumbo, polepole, miaka hata kumi. Siku unapoanguka majirani husema, "Nyumba za zamani hizo, chokaa tupu." Nami naangalia kifusi, naona bamba la saruji limelala juu yake zima, halina hata ufa.

Mwaka jana tulibandua saruji kwenye nyumba moja Mkunazini. Nilianza kwa kugonga na kifundo cha kidole, ukuta ukalia kama mtungi mtupu. Kijana akatia mtalimbo, likatoka pande ukubwa wa mlango. Nyuma yake udongo ulikuwa laini kama halua ya moto, na juu ya mawe chumvi imechanua nyeupe kama sufi. Mwenyewe akashika kichwa. Plasta ile alikuwa ameilipia mara mbili.

Mengine niyapitie haraka. Mchanga wa pwani usiutie kwenye kitu chochote, una chumvi yake tayari. Nondo kwenye hewa ya bahari, zikifunikwa vibaya, hupata kutu, huvimba na kupasua zege, kwa hiyo mkanda wa zege unaomwagwa juu ya ukuta wa udongo si dawa ya kila ugonjwa. Chokaa haikomai kwa jua, hukomaa kwa hewa, na inataka kumwagiwa maji kidogo kidogo. Fundi anayeianika kama papa anakuibia. Na hapana, wazee hawakuchanganya mayai kwenye chokaa, kama watu wanavyosimulia. Nimebomoa kuta nyingi, yai sijaliona. Kwa ukubwa wa mji huu, Unguja nzima isingebaki na kuku.

Tangu sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib ianguke Desemba 25, 2020 na kuua watu wawili, hoja ya saruji imepata miguu mipya. Jengo lile ni la 1883, la Sultani Barghash, lina nguzo za chuma cha kusubu na kumbi ndefu kwenda juu, na mwaka 1896 lilikuwa katikati ya mizinga ya Waingereza. Nyumba yako ya Kiponda haina hata kimoja cha hivyo. Usijitibu kwa cheti cha mgonjwa mwingine.

Wajanja kidogo hunitajia kanisa la Mkunazini: paa lake la zege, lenye umbo la pipa, limesimama tangu karne ya 19. Kweli, na nalipenda. Lilikuwa wazo la Askofu Steere, na watu waliamini litamwangukia. Lakini zege lile lilizaliwa zege. Hakuna aliyelibandika juu ya udongo uliolowa.

Sasa niseme yangu, kwa sababu kwenye semina huwa hatuyasemi. Chokaa ninayoipata siku hizi siiamini kila mara. Ya tanuu inategemea nani kaichoma na kaizima kwa maji siku ngapi. Nimewahi kupiga plasta ikatoka vipele wiki ya tatu kwa sababu vipande ndani vilikuwa havijazimika. Ya mfuko ni safi, lakini mingine imekaa dukani mpaka imekufa. Bafuni kwangu mwenyewe nimetia saruji, na sijutii. Na kuna siku nimetia kopo moja la saruji kwenye chokaa kwa sababu mvua ilikuwa inakuja na wapangaji wana watoto. Ukuta ule ninaupitia kila Ijumaa. Bado mzima. Sijui nijisifu au nijifiche.

Boriti ndizo zinazonikosesha usingizi. Kuokoa nyumba moja ya ghorofa tatu kunataka mikoko mingi, na mikoko ndiyo inayoshika pwani yetu isiliwe. Chokaa nayo inachomwa kwa kuni, na mawe ni matumbawe. Ukinambia nahifadhi mji kwa kula kisiwa, sina jibu zuri. Ninachofanya ni kukata kichwa kilichooza tu na kuunganisha kipya kwa mbao ngumu na bolti zisizoshika kutu, nikimwachia mti nafasi ya hewa ndani ya ukuta. Waashi wa zamani wangenicheka.

Tena usisahau rangi. Ukishapiga chokaa, juu yake ni chokaa tena, ya maji, tabaka nne tano nyembamba. Rangi ya mafuta ni saruji iliyotiwa koponi.

Yule mzee wa Kiponda tulielewana hatimaye. Tulimpigia chokaa upande wa njiani, siku tisa, akitusimamia barazani na buli lake la kahawa. Jana usiku kanipigia tena, ana furaha. Mwanawe kamletea ndoo mbili za rangi, ya kijani, inayong'aa. "Muuzaji kaniambia hii haipitishi tone la maji, fundi."

Kesho baada ya alfajiri naelekea Kiponda kabla hajazifungua.