Je, wajua? GISO wa gombolola hatoi taarifa Mbuya

Katika kila gombolola (kata ndogo ndani ya wilaya) ya Uganda kuna ofisa ambaye mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, polisi na hata wenye mabaa humjua zaidi kwa cheo chake kuliko kwa jina: GISO, ofisa wa usalama wa ndani wa gombolola. Kazi yake ni kusikiliza, kuandika na kupeleka taarifa kwa DISO, mwenzake wa ngazi ya wilaya. Kwa kuwa anashughulika na usalama, wengi huamini kwamba anayoyaandika huishia Mbuya, kilima cha Kampala yalipo makao makuu ya ujasusi wa kijeshi. Sivyo.

GISO na DISO ni watu wa ISO, shirika la usalama wa ndani. ISO na ESO, linaloshughulikia usalama wa nje, yaliwekwa na sheria ya 1987, na wakurugenzi wakuu wake huteuliwa na Rais na kuwajibika kwake moja kwa moja. Ujasusi wa kijeshi, ulioitwa DMI, kisha CMI, na sasa DIS, ni kiungo cha jeshi la UPDF. Nyuzi hizo mbili hukutana juu kabisa tu, kwa kuwa Rais ndiye pia Amiri Jeshi Mkuu.

Wanaozichanganya hawastahili kulaumiwa sana. Serikali zilizotangulia zilikuwa na chombo kimoja cha kuogopwa: General Service Unit ya Akena Adoko wakati wa Obote, State Research Bureau ya Amin kule Nakasero, kisha NASA (National Security Agency) Obote aliporudi. Nayo NRA, jeshi la msituni la Museveni, hadi ilipoiteka Kampala Januari 1986, haikuwa na ujasusi mwingine isipokuwa wa kijeshi, kwani msituni hapakuwa na wizara. Mkuu wa kwanza wa ISO, Jim Muhwezi, alitoka katika jeshi hilohilo, na Henry Tumukunde aliwahi kuongoza CMI na ISO kwa nyakati tofauti. Paul Kagame naye alikuwa ofisa wa juu wa ujasusi wa NRA kabla ya kuwa Rais wa nchi jirani, wasifu ambao si rahisi kuupata kwingineko.

Tofauti huonekana vizuri zaidi kambini. Kikosi huwa na ofisa wa ujasusi, ambaye askari humwita IO, na juu yake wapo wa brigedi na wa divisheni. Mfikirie mhasibu wa tawi la duka kubwa: kila asubuhi humweleza meneja wa tawi hali ya fedha, lakini nakala ya daftari huipeleka pia makao makuu, ili meneja akikosea au akificha, mwenye duka asibaki gizani. IO vilevile humshauri kamanda wake kuhusu adui, na papo hapo hupeleka habari juu kwa njia ya ujasusi, zikiwemo zile zinazowahusu askari wenyewe. GISO hana kamanda wa namna hiyo. Mchoro kamili wa idara za Mbuya hauchapishwi, na sehemu ya bajeti ya ulinzi hupitishwa kama matumizi ya siri, kwa hiyo maelezo haya yanafuata utaratibu wa kawaida wa majeshi kuliko waraka wowote rasmi.

Sheria nazo hazilingani. Ile ya 1987 inawakataza maofisa wa ISO na ESO kumkamata au kumzuilia mtu yeyote. Katazo hilo haliwagusi wanajeshi wa ujasusi, ingawa kifungu cha 23 cha Katiba kinataka mtuhumiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Mashirika ya haki za binadamu yamewalalamikia wa pande zote mbili kwa kuwashikilia raia. Desemba 2021 Marekani ilimwekea vikwazo Abel Kandiho, aliyekuwa mkuu wa CMI, ikidai ukiukaji wa haki za binadamu, na mapema 2022 akahamishiwa polisi, taasisi ambayo nayo ina kurugenzi yake ya intelijensia.