Kiinimacho cha kujua

Kila Desemba hupitia orodha ya video nilizohifadhi mwaka mzima. Safari hii nilianza na moja inayoeleza jinsi kufuli linavyofunguliwa na ufunguo. Nilipoitazama mara ya kwanza niliridhika kabisa, michoro ilikuwa safi na maelezo yamenyooka. Sasa nikachukua karatasi nichore kilichomo ndani. Nikachora tundu, nikachora ufunguo na meno yake, kisha kalamu ikakwama. Meno yale yanagusa nini huko ndani? Sikuwa na jibu.

Hali hii ya mtu kuhisi amelielewa jambo kwa kina, kumbe anachokijua ni sura yake ya nje tu, naiita kiinimacho cha kujua. Haina uhusiano na majivuno. Mwenye majivuno anataka wengine waamini kwamba anajua, lakini aliyepatwa na kiinimacho hiki anaamini mwenyewe, kwa moyo mweupe.

Mwaka 2002 Leonid Rozenblit na Frank Keil, watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, waliwauliza watu wanaelewa kiasi gani utendaji wa vitu kama zipu, kufuli na cherehani. Watu wakajipa alama. Kisha wakatakiwa waandike, hatua kwa hatua, kitu hicho kinavyofanya kazi. Walipojipa alama upya, zilishuka. Hakuna aliyewasahihisha, kule kujaribu kueleza kulitosha kuwafumbua macho. Baadaye, mwaka 2006, Rebecca Lawson wa Liverpool alitumia baiskeli. Wapo waliochora mnyororo umezunguka magurudumu yote mawili, na baiskeli ya namna hiyo haiwezi kukata kona.

Kwa hiyo kiinimacho hiki hakikuletwa na intaneti. Ila intaneti imekilisha kikanenepa. Mwaka 2015 Keil na wenzake, Matthew Fisher na Mariel Goddu, waligundua kwamba watu waliotoka kutafuta majibu mtandaoni walijiona wana uwezo zaidi wa kueleza mambo mengine, hata yale ambayo hawakuyatafuta. Mpaka kati ya kilichomo kichwani na kilichomo kwenye simu ulikuwa umefutika. Video nazo zina hila yake. Katika utafiti wa Michael Kardas na Ed O'Brien wa mwaka 2018, waliotazama mara 20 mtu akichomoa kitambaa cha meza bila kuangusha vyombo walijiamini kuliko waliotazama mara moja. Kwenye ujuzi uliopimwa kwa vitendo, kama kurusha vishale, kutazama sana hakukuwafanya wawe hodari zaidi.

Hapa ndipo ninapoumia ninapotazama mwaka wangu. Saa nyingi nilizoziita za kusoma zilikuwa za kutazama watu wanaojua. Akili mnemba imeongeza uzito: jibu linakuja limepangwa vizuri, unalisoma bila kujikwaa popote, na ule wepesi wa kusoma unauchukulia kuwa ni wepesi wa kuelewa.

Kipimo chake ni rahisi, ingawa kinachosha: funga ukurasa, eleza mwenyewe. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba waliorudia kusoma andiko walikumbuka zaidi baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja walioshinda ni wale waliojilazimisha kulikumbuka bila kulitazama.

Nilirudi kwenye ile video. Ndani ya kufuli mna vijiti vidogo, kila kimoja kimekatwa vipande viwili na kinasukumwa na springi. Ufunguo sahihi huviinua mpaka mikato yote ikae kwenye mstari mmoja, ndipo silinda inazunguka. Kesho yake nikachora tena bila kutazama. Vijiti vilikuwepo, mikato ilikuwepo, springi nilizisahau.