Je, wajua kwa nini magitaa ya besi yanayowindwa leo kwa maelfu ya dola yaliwahi kuuzwa kwa bei ya kutupa?

Mtu anayetaka kununua leo gitaa la besi la kampuni ya Fender lililotengenezwa California kabla ya mwaka 1965 mara nyingi hulazimika kujiandaa kulipa dola 10,000 hivi au zaidi, na akitaka moja la matoleo ya mwanzo, lenye rangi adimu na ambalo halijawahi kupakwa upya wala kubadilishwa vipuri, atalipa zaidi ya maradufu ya hapo. Lakini katika miaka ya 1970 magitaa hayohayo yalikuwa yakining'inia kwenye kuta za maduka ya rehani ya Marekani, yakisubiri mtu wa kuyachukua kwa dola mia chache, na wanamuziki wengi waliyaachia bila kusita. Je, waliokuwa wakiyauza hawakujua thamani ya walichonacho, au wanaoyanunua sasa ndio wanaoyapa sifa isiyo yake?

Jibu linaanzia Fullerton, mji wa California, kwa fundi redio aliyeitwa Leo Fender. Fundi huyu hakuwa mpiga gitaa, ila aliwasikiliza sana wanamuziki waliomletea vyombo vyao avitengeneze. Wapiga besi wa wakati huo walitumia besi kubwa ya kusimama, chombo kirefu kuliko mtu, kigumu kusafirishwa, ambacho sauti yake ilimezwa na ngoma na tarumbeta, na ambacho mpigaji alilazimika kuitafuta kila noti kwa sikio na kwa mazoea ya mkono. Mwaka 1951 Fender alitoa Precision Bass, gitaa la besi la umeme lenye freti shingoni (vipande vyembamba vya chuma vinavyoonyesha mahali pa kila noti) na nyuzi zenye urefu wa inchi 34, yaani takriban sentimita 86. Mwaka 1957 alilifanyia marekebisho makubwa, akaligawa pikapu lake (kile kinasa sauti cha sumaku kilicho chini ya nyuzi) katika vipande viwili vinavyofutiana mvumo wa umeme, na mwaka 1960 akaongeza Jazz Bass, lenye shingo nyembamba zaidi na pikapu mbili.

Kilichoyatofautisha magitaa haya na vyombo vya mafundi wa zamani ni urahisi wa ujenzi wake. Kiwiliwili kilikuwa ubao mzito uliokatwa kwa mashine, shingo ilifungwa kwa bolti nne, na nyaya zilifikiwa kwa kufungua bamba la juu. Shingo ikipinda, unafungua bolti na kuweka nyingine. Fender alikusudia kutengeneza zana ya kazi inayotengenezeka, na wapiga besi waliipokea kama zana ya kazi. Hapo ndipo penye sababu ya kwanza, na kwa maoni yangu ndiyo kubwa kuliko zote, ya kuuzwa kwake kwa bei ndogo. Zana iliyotumika huuzwa kwa bei ya chini kuliko mpya, na mwaka 1968 au 1970 mpiga besi aliyetaka kilicho bora aliingia dukani kununua jipya. Fikra kwamba gitaa la umeme la mwaka 1962 linaweza kuwa na thamani kuliko la mwaka huu, kwa sababu tu ya mwaka wake, ilikuwa bado haijaota mizizi miongoni mwa watu.

Isitoshe, muziki wenyewe ulikuwa ukibadilika. Kampuni ya Alembic ya California ilianza kutengeneza besi za mbao za thamani zenye saketi za kukuza sauti ndani yake, na mpiga besi Stanley Clarke akazipeleka jukwaani mbele ya maelfu ya watu. Mwaka 1976 likaja StingRay la kampuni ya Music Man, ambalo Leo Fender mwenyewe alishiriki kulibuni, lenye betri na mlio mkali uliowafaa waliokuwa wakipiga nyuzi kwa kidole gumba. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 zikafuata besi za Steinberger zisizo na kichwa, zilizotengenezwa kwa nyuzinyuzi za kaboni na gundi ya plastiki badala ya mbao. Kwa mtu aliyekuwa akitafuta riziki katika studio za New York au Los Angeles, kumiliki Precision la zamani pekee kulimaanisha kukosa baadhi ya kazi. Aliliuza ili apate chombo kilichohitajika, au alilitoboa ili liongezwe pikapu la pili, akalikwangua rangi ili mbao ionekane kama ilivyokuwa mtindo wa miaka hiyo, akang'oa daraja la nyuzi (kipande cha chuma kinachoshikilia nyuzi kwenye kiwiliwili) na kuweka zito zaidi. Leo wakusanyaji hulalamika wanapoona matundu hayo, lakini aliyeyatoboa alikuwa na haki zote, kwa kuwa alikuwa akikirekebisha chombo chake kilingane na kazi yake. Tena tukumbuke kwamba kipato cha mwanamuziki hupanda na kushuka, na kodi ya nyumba ikifika mwisho wa mwezi, kitu cha kwanza chenye thamani kinachobebeka hadi duka la rehani ni gitaa.

Kisha kuna suala la mwaka 1965, ambalo wauzaji wa vyombo vya zamani hulizungumzia kama mpaka wa nchi. Mwezi Januari mwaka huo kampuni ya redio na televisheni ya CBS iliinunua kampuni ya Fender kwa dola milioni 13. Kiasi hicho kilikuwa kikubwa kuliko dola milioni 11.2 ambazo CBS ilikuwa imelipa muda mfupi kabla ya hapo kwa asilimia 80 ya timu ya besiboli ya New York Yankees, na hilo peke yake linaonyesha jinsi biashara ya magitaa ya umeme ilivyokuwa imenona. Kiwanda kilipanuliwa na uzalishaji ukaongezwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 vanishi nyembamba ya nitroselulosi ilianza kuachwa kwa ajili ya rangi nene ya poliesta. Miaka ya 1970 ikaleta viwiliwili vizito zaidi. Pikapu la nyuma la Jazz Bass likasogezwa takriban sentimita moja kuelekea daraja la nyuzi. Na katikati ya muongo huo shingo ya gitaa hilo ikaanza kufungwa kwa bolti tatu badala ya nne. Malalamiko ya wanamuziki kuhusu shingo zilizocheza katika maungio yake na vyombo vilivyochosha bega hayakuwa ya kuzusha.

Lakini tazama tarehe hizo kwa makini. Karibu mabadiliko yote yanayolaumiwa yalikuja miaka kadhaa baada ya mauzo ya 1965. Gitaa lililotoka kiwandani masika ya mwaka 1965 lilikuwa na mbao zilezile, waya uleule wa pikapu na mikono ileile ya wafanyakazi kama lililotoka mwishoni mwa 1964. Hata hivyo soko huliweka la kwanza upande mmoja wa mpaka na la pili upande mwingine, na bei hutofautiana. Mpaka huo ni wa umiliki wa kampuni, na sikio haliwezi kuusikia.

Sifa yenyewe ilijengwa na wapigaji, na mfano ulio wazi kuliko wote ni James Jamerson, aliyepiga besi katika nyimbo nyingi za kampuni ya muziki ya Motown zilizorekodiwa Detroit. Precision lake la mwaka 1962 lilikuwa gitaa la kawaida la dukani. Mlio wake ulitokana na nyuzi nene zilizosuguliwa laini, ambazo hakuzibadilisha mpaka zikatike, na kipande cha sponji kilichokuwa chini ya kifuniko cha daraja kikizibana, na nyuzi zilizoinuliwa juu sana kutoka shingoni, na kidole kimoja tu cha mkono wa kulia, ambacho nguvu yake ilikuwa imejengwa na miaka ya kupiga besi ya kusimama. Gitaa hilo liliibwa muda mfupi kabla ya kifo chake mwaka 1983 na halijaonekana tena. Liko mahali fulani, pengine mikononi mwa mtu asiyejua ni la nani, na kama lingeuzwa leo bila historia yake, mnunuzi angelilinganisha tu na mengine ya mwaka huo na kulikagua mikwaruzo.

Mfano wa pili unagongana moja kwa moja na kanuni za wakusanyaji. Mpiga besi Jaco Pastorius alitumia Jazz Bass la mwanzoni mwa miaka ya 1960, ambalo lilikuwa limeng'olewa freti zote, na shingo yake ikapakwa gundi ngumu ya kutengenezea boti. Kwa vipimo vya soko, chombo kama hicho kimeharibiwa. Kwa wapiga besi wa dunia nzima, hicho ndicho chombo kilichofungua ukurasa mpya wa gitaa lao. Kiliibwa New York mwaka 1986, mwaka mmoja kabla ya Pastorius kufariki, kikaonekana tena baada ya miaka ishirini hivi, na Robert Trujillo wa kundi la Metallica akasaidia kirejee kwenye familia.

Sasa tuliulize swali la sifa kwa upande wa fizikia. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba mara maelfu, na uzi wa chuma unapotetemeka juu yake huzalisha umeme mdogo unaopelekwa kwenye amplifaya. Kinachoamua mlio kwa kiasi kikubwa ni nyuzi zenyewe, urefu wake, aina ya sumaku na waya, mahali pikapu ilipowekwa, na mkono wa mpigaji. Mbao ina mchango wake, hasa kupitia ugumu wa shingo, lakini mchango huo si wa kichawi. Besi nyingi za Fender zina eneo, hasa karibu na freti ya tano hadi ya saba kwenye uzi mwembamba, ambapo noti hufifia mapema kwa sababu shingo hutetemeka kwa kasi inayokaribiana na ya uzi na kuunyang'anya nguvu. Udhaifu huo unapatikana katika besi za mwaka 1962 sawa na za leo, na bei kubwa haiuondoi.

Kuna jambo jingine linaloonyesha wazi zaidi kwamba bei na mlio ni mambo mawili tofauti. Gitaa la mwaka 1963 likipakwa rangi upya, hata na fundi hodari, bei yake kwa kawaida hushuka kwa takriban nusu. Pikapu ni zilezile, shingo ni ileile, nyuzi ni zilezile. Nusu ya fedha iliyopotea ilikuwa inalipia uhalisi, na hilo ni jambo halali kabisa katika biashara ya vitu vya kale, lakini lisichanganywe na ubora wa sauti. Wenzetu wa fidla walilijaribu jambo linalofanana na hili mwaka 2010 huko Indianapolis, ambako watafiti Claudia Fritz na Joseph Curtin waliwapa wapigaji 21 fidla tatu mpya na tatu za kale, zikiwamo mbili za Stradivari, fundi maarufu wa fidla wa Italia ya zamani, huku wakiwa wamevaa miwani isiyowawezesha kuzitambua. Iliyopendwa zaidi ilikuwa mpya, na iliyopendwa kidogo kuliko zote ilikuwa ya Stradivari. Sidai kwamba matokeo ya fidla yanahamia kwenye besi bila marekebisho. Ninachosema ni kwamba macho yanapojua tarehe na bei ya chombo, masikio nayo hufuata.

Kwa hiyo naona kwamba magitaa haya yalistahili sifa, ila si kwa sababu inayotajwa mara nyingi. Yalistahili kwa ubunifu wake. Urefu wa nyuzi aliouchagua Fender mwaka 1951 bado ndio unaotumiwa na watengenezaji wengi duniani, na pikapu la mwaka 1957 bado linanakiliwa karibu kama lilivyo, hata katika besi za bei nafuu anazoanzia mwanafunzi. Ubunifu huo haukufungwa ndani ya mbao za miaka ya kabla ya 1965. Mtengenezaji yeyote makini anaweza kuurudia, na kampuni ya Fender yenyewe ilianza kufanya hivyo mwaka 1982 ilipotoa matoleo mapya yanayofuata mifano ya 1957 na 1962. Vilevile, kazi ya mikono ya zamani ilileta tofauti kubwa kati ya gitaa moja na jingine: pikapu zilisukwa kwa waya ulioongozwa kwa vidole, na shingo zikasuguliwa na mtu. Mengine yalitoka mazuri ajabu na mengine ya kawaida tu. Yale mazuri ndiyo yaliyotunzwa na kurekodiwa, nasi tunayahukumu yote kwa hayo machache.

Wakati huohuo, baadhi ya besi zilizopendwa sana zilikuwa za upande wa pili wa mpaka, au za bei rahisi tangu mwanzo. Paul McCartney wa kundi la Beatles alinunua gitaa lake la besi la Höfner, lenye umbo la fidla, huko Hamburg mwaka 1961 kwa takriban pauni 30, kwa sababu Fender lilikuwa ghali kwake na umbo hilo halikuonekana vibaya likigeuzwa kwa mtumia mkono wa kushoto. Gitaa hilo liliibwa London mwaka 1972 na mwaka 2024 ikatangazwa kwamba limerudi kwake. Geddy Lee wa kundi la Rush alilipata Jazz Bass la mwaka 1972 katika duka la rehani la Kalamazoo, Michigan, kwa takriban dola 200, na likawa chombo chake kikuu kwa miaka mingi. Mpiga besi Marcus Miller alijenga mlio wake juu ya Jazz Bass la mwaka 1977, la kipindi kinacholaumiwa kuliko vyote, baada ya fundi Roger Sadowsky kuliongezea saketi ya kukuza sauti. Baadaye Fender ilitengeneza matoleo yanayofuata mifano ya magitaa ya Lee na Miller na kuyauza kwa majina yao.

Na sasa Jazz Bass za nusu ya pili ya miaka ya 1970, zilizouzwa kwa bei ya kutupa hadi miaka ya 1990 kwa sababu kila mtu alijua kwamba ni nzito na kwamba bolti zake ni tatu, zinauzwa kwa dola elfu kadhaa. Uzito wake haujapungua hata gramu moja, na bolti bado ni tatu.