Kinga ya vumbi la mionzi si handaki la bomu

Habari za Vita Baridi zikizungumzwa, hakosekani mtu wa kuwacheka Wamarekani kwa kuandaa vyumba vya chini vya shule na maktaba, eti zege la maktaba lingezuia bomu la atomiki. Mcheshi huyo anachanganya vitu viwili. Kinga ya vumbi la mionzi ni mahali penye kuta na dari nzito, pa kukaa mpaka mionzi ya vumbi linaloanguka baada ya mlipuko ipungue. Handaki la bomu hujengwa lihimili mlipuko wenyewe.

Bomu likilipuka karibu na ardhi, moto wake hufyonza udongo, huuchanganya na mabaki yenye mionzi na kuupandisha angani, kisha upepo huubeba na kuumwaga mbali. Jaribio la bomu la nyuklia la Marekani huko Bikini, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, tarehe 1 Machi 1954, liliwaacha salama kabisa na kishindo wavuvi 23 wa meli ya Kijapani Daigo Fukuryu Maru, waliokuwa nje ya eneo lililotangazwa kuwa la hatari. Saa chache baadaye majivu meupe yakawaangukia, nao wote wakaugua.

Waliolengwa na vyumba vile ni watu wa namna hiyo, walio mbali na moto lakini wamo katika njia ya upepo. Rais Kennedy, alipoliomba Bunge fedha za mpango huo katika hotuba yake ya 25 Julai 1961, alizungumzia wazi familia ambazo hazitapigwa na mlipuko wala moto. Akiba ya chakula na maji ilipangwa itoshe wiki mbili, na hesabu yake ina msingi: muda tangu mlipuko unapozidishwa mara 7, mionzi hushuka hadi kama sehemu moja ya 10, hivyo baada ya siku mbili hubaki takriban sehemu moja ya 100 ya ile ya saa ya kwanza, na baada ya wiki mbili sehemu moja ya 1,000. Hata mapipa ya maji, yakiisha, yalikusudiwa kugeuzwa vyoo. Anayetaka kuukosoa mpango huo anayo hoja nzuri kuliko ile ya maktaba, kwamba kwa wakazi wa miji iliyolengwa ile alama ya njano na nyeusi iliyowekwa mlangoni pa vyumba hivyo isingefaa kitu.

Mahandaki ya kuhimili bomu yapo, ila yatafutwe kwingine. Uswisi, kwa sheria za mwaka 1963, ilidai nyumba mpya ziwe na vyumba vya zege vyenye milango mizito ya kuzuia wimbi la mlipuko pamoja na vichujio vya hewa. Vyumba hivyo ukiviita mahandaki ya bomu, hakuna atakayekusahihisha.