Watu thelathini, kikombe kimoja: jinsi tangazo la chai linavyoshutiwa Rungwe

Kila tukifunga kipande cha barabara hapa Mbeya kwa ajili ya kushuti, lazima atokee mtu wa kuuliza: "Hili tangazo si la nusu dakika tu? Sasa watu wote hawa wa nini?" Ana haki ya kuuliza. Televisheni zetu huonyesha fremu 25 kwa sekunde, kwa hiyo tangazo la sekunde 30 ni fremu 750 basi. Lakini mtu huyo anaona Coaster imejaa, Fuso la taa, jenereta, hema la mteja, na mama wa chakula na masufuria yake. Anahisi kuna mahali hela inamwagwa.

Mimi ni msaidizi wa kwanza wa mwongozaji. Kazi yangu kwa ufupi ni saa. Mwongozaji anafikiria picha, mimi nafikiria nani anamsubiri nani. Kwenye seti kitu cha ghali kuliko kamera ni kusubiri, kwa sababu kamera, taa, gari na watu wote wamelipiwa kwa siku, na siku haisimami eti kwa kuwa mtu kaenda kutafuta waya. Watu wengi hawakuletwa ili wote wawe wanafanya kitu muda wote. Ukipita utawakuta wengine wamekaa juu ya makasha, wanapiga soga. Wameletwa ili mmoja akimaliza sehemu yake, anayefuata awe ameshajiandaa.

Tuchukue picha moja tu. Sekunde tatu: kikombe cha chai, mvuke unapanda, nyuma yake mashamba ya chai ya Rungwe, wilaya ya hapa Mbeya, yamefifia.

Mvuke hauonekani vizuri ukimulikwa kwa mbele. Unataka mwanga utokee nyuma yake, kidogo pembeni, na nyuma ya mvuke pawe na giza. Basi mtu wa taa anaificha taa yake mahali ambapo kamera haiioni, mwenzake anashika kitambaa cheusi kuziba weupe wa anga. Hapo baridi ya Tukuyu, mji wa Rungwe, inatufaa sana: chai ambayo Dar es Salaam ingetoa mvuke wa kuomba, hapa asubuhi inafuka vizuri. Tatizo ni kwamba haifuki muda mrefu, na kikombe chenyewe kikiwa baridi ndiyo kabisa. Mtu wa propu, yaani vitu vinavyotumika mbele ya kamera, anakuwa na jiko pembeni, birika liko motoni, na vikombe kadhaa vya aina moja vimepashwa kwa maji ya moto, vinasubiri zamu. Chai yenyewe anaitengeneza nyepesi kuliko ambayo mtu yeyote wa Tukuyu angekubali kuinywa, kwa kuwa chai ya rangi iliyokolea mbele ya lenzi huonekana nyeusi kama kahawa. Ikiwa ni ya maziwa, anapambana na utando unaojifunga juu. Vipovu vya ukingoni anavitoa kimoja kimoja kwa ncha ya kijiko.

Upande wa kamera yupo mtu ambaye kazi yake ni fokasi peke yake, yaani kuhakikisha kinachotakiwa kinaonekana kikali. Watazamaji hawamjui, na siku akiharibu ndipo wanamjua. Lenzi ikikaribia kitu namna ile, sehemu inayoonekana kali ni milimita chache. Mwigizaji akiinua kikombe haraka kuliko alivyofanya kwenye mazoezi, fokasi inabaki pale kikombe kilipokuwa. Ndiyo maana anapima kwa futi ya utepe, anaweka alama, anaomba mazoezi mawili matatu kwa kikombe kitupu. Pembeni yake yuko dada wa mwendelezo, anayehakikisha picha moja inafanana na inayofuata, na daftari lake: kikombe kimeshikwa mkono wa kulia, chai imefika chini kidogo ya ukingo, mkono wa sweta umekunjwa mara mbili. Picha inayofuata itapigwa baada ya chakula, na bila daftari lile hakuna atakayekumbuka.

Sasa ona saa inavyoingia. Nikiruhusu chai imiminwe kwanza, halafu mwongozaji akasema taa isogee kidogo kushoto, mvuke umekwisha kabla taa haijatulia. Utaratibu wangu kwa hiyo ni huu: kamera ikae, taa ikae, fokasi ipimwe, mwigizaji afanye mazoezi, mtu wa mapambo amfute jasho au, kwa huku kwetu, kamasi za baridi, na chai imiminwe mwisho kabisa. Namwangalia mwenye birika, namwambia "mimina", na tangu hapo hairuhusiwi mtu kuleta wazo jipya.

Ndipo unasikia yale maneno watu wanayapenda. "Kimya!" "Sauti?" "Inarekodi." "Kamera?" "Inarekodi." Klapa. "Ekshen!" Sauti huitwa kabla ya kamera kwa sababu ya kihistoria: enzi za filamu za mkanda, mkanda wa picha ulikuwa ghali mno, basi kinasa sauti kilianzishwa kwanza na kuachwa kishike kasi yake, ndipo kamera iwashwe. Mkanda umepotea, utaratibu umebaki, na mimi sioni sababu ya kuubadili. Klapa, ule ubao wenye namba ya picha unaogongwa mbele ya kamera, nayo bado ina kazi. Sauti na picha vinarekodiwa kwenye mashine mbili tofauti. Mhariri anatafuta fremu ambayo mbao zimegusana, anaipanga na ule mlio, vinakwenda pamoja. Nina vijana hupiga klapa huku wameiziba namba kwa kidole. Mhariri akiwatafuta, mimi sipo.

Nikiwa kwenye sauti, niseme neno juu ya mabati. Nyumba nyingi za huku zimeezekwa bati, na Rungwe ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi kabisa nchini. Mvua ikipiga bati, mazungumzo ya ndani yamekufa, hata uwe na kinasa cha bei gani. Jenereta tunaweza kulipeleka mbali, upande ambao upepo unatoka kwetu kwenda kwake, tukavuta waya mrefu. Jogoo anaweza kuazimwa kwa saa moja akahamishiwa kwa jirani. Malori yanayoshuka mlima kwenye barabara kuu ya Zambia tunayasubiri yapite. Mvua kwenye bati haina mtu wa kumbembeleza, na ndiyo maana kwenye ratiba yangu matukio ya ndani yenye maneno huwa na siku ya akiba, hata kama prodyuza anakunja uso.

Tukija kwenye jua: timu zinazotoka Dar es Salaam hufika na ratiba iliyopangwa kwa jua la Dar es Salaam. Saa ya nchi ni moja, lakini Mbeya iko mbali sana magharibi, na jua hutufikia zaidi ya dakika ishirini baada ya kufika pwani. Mwezi Juni hapa linachomoza karibu saa moja asubuhi, na kama uko bondeni lina mlima wa kupanda kabla hujaliona. Ukiita watu saa kumi alfajiri kwa hesabu za pwani, unawatesa gizani bure, kwenye baridi, na nusu yao wamekuja na fulana. Kuna siku nimeshuhudia kameramani mzuri kabisa akishindwa kubonyeza kitufe kwa vidole kufa ganzi. Betri nazo hazipendi baridi, hushuka chaji haraka, kwa hiyo za akiba tunazilaza ndani ya makoti mpaka zihitajike.

Halafu ukungu. Mwongozaji yeyote akiuona ukungu umelala juu ya chai asubuhi anaupenda, anautaka kwenye kila picha. Lakini ukungu ukishaanza kuinuka haukupi hata nafasi ya kubadilisha lenzi. Hapo ndipo mpangilio unapookoa tangazo: tunaanza na picha pana, zile za bonde zima na safu za wachumaji, wakati ukungu upo. Jua likitoka tunasogea karibu, mikono, uso, jani, na tunatandaza kitambaa cheupe juu ya mwigizaji kulainisha mwanga ufanane na wa asubuhi. Nyuma yake kumefifia, hakuna atakayejua ukungu ulikwenda zake saa mbili zilizopita. Hadithi kwenye televisheni inaanza na mkono na kuishia na bonde, sisi tumeshuti kinyume.

Wateja wengine hutaka vyote. Niliwahi kuombwa maua ya Kitulo na anga la buluu lisilo na wingu, kwa siku moja, tarehe ikiwa imeshapangwa. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu, na maua yake yanachanua kwa sababu ya mvua, kati ya Novemba na Aprili. Ukitaka anga safi la Julai utapata nyasi na upepo unaokata masikio. Kueleza jambo hilo kwenye mkutano wa maandalizi ni dakika tano. Kulieleza juu kule, magari yameshapanda, ni ugomvi.

Mkutano huo wa maandalizi ndio moyo wa matangazo, na ndipo matangazo yanapotofautiana na filamu. Kwenye filamu unaweza kushuti kurasa kadhaa kwa siku, na mwongozaji ana uhuru wake. Kwenye tangazo, siku nzima ni ukurasa mmoja, na kila kitu kimeshakubaliwa mezani: rangi ya kikombe, urefu wa kucha, sweta, hata upande ambao nembo itatazama. Siku hizi tunaongeza na simu: tangazo lilelile litahitajika kwa umbo la wima, basi kwenye skrini ya kamera kunachorwa mistari miwili ili kichwa cha mtu kisije kukatwa baadaye.

Jambo linalonipandisha presha ni nani anaongea na nani. Mteja anaongea na wakala wa matangazo, wakala na prodyuza au mwongozaji, na mwongozaji peke yake ndiye anayemwambia mwigizaji acheke zaidi au apunguze. Wengine huona ni majivuno. Hebu fikiria binti aliyechaguliwa kutoka Uyole, hajawahi kusimama mbele ya kamera, anaambiwa na mwongozaji "tulia, usicheke", mtu wa kampuni anapita nyuma anamnong'oneza "dada, tabasamu basi", na fundi wa mapambo anamwambia ainue kidevu. Amegandishwa na watu watatu, na nusu saa inapotea kumrudisha hali yake. Wateja tunawawekea hema lao na skrini yao, chai ya tangawizi na maandazi ya moto, na mtu mmoja wa kupokea maoni yao. Si kuwafungia. Maoni yao mara nyingi ni ya maana, ila yapite mlango mmoja.

Na kuna watu ambao hawamo kwenye orodha yetu ya watu wa seti lakini bila wao hakuna picha: wachumaji wenyewe. Wao wanajua kuchuma majani mawili na chipukizi kwa kasi ambayo mwigizaji hataifikia hata afundishwe wiki. Ukizoea kuona mikono yao utaitambua ya uongo papo hapo, kwa hiyo mimi siku zote nasukuma mikono ya karibu iwe ya mchumaji, sura iwe ya mwigizaji. Ila malipo yao hufuata kilo. Nilimwamkia mama mmoja, "Shikamoo mama, tunaomba msimame hapa kidogo." Akaitika, "Marahaba mwanangu. Hicho kidogo ni kilo ngapi?" Swali hilo sasa liko kwenye bajeti zetu kama mstari unaojitegemea: muda tunaowasimamisha tunaulipia, na siku ileile, kabla magari hayajaondoka shambani. Isitoshe, jani likichumwa linaanza kunyauka na linatakiwa kiwandani upesi, kwa hiyo gari la kubeba majani likija linapita, hata kama tuko katikati ya picha nzuri kuliko zote.

Vibali siviongelei sana. Bodi ya Filamu ndio mwanzo, mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa mtaa usiwaruke, droni ina kibali chake cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Vifaa vinavyotoka Dar es Salaam vinasafiri zaidi ya kilomita 800 kwa barabara. Betri kubwa za kamera zikija kwa ndege kupitia Songwe, hubebwa mkononi, na zinazozidi wati-saa 160, kipimo cha umeme unaobebwa na betri, abiria hasafiri nazo. Kadi ya kumbukumbu haifutwi mpaka picha zake ziwe zimenakiliwa kwenye diski mbili, na diski hizo zinarudi kwa magari mawili tofauti.

Vijana wa Iringa na Mbeya wananiandikia: sisi tuko watano, tunashuti filamu kwa kamera moja ya kuazima, haya yote yanatuhusu nini? Watano wanatosha kabisa. Shida ninayoiona ni kwamba wote watano wanasimama nyuma ya kamera wakiangalia skrini, na hakuna anayejua ni nani ameshika saa. Gawaneni kazi kwa majina kabla hamjatoka nyumbani: huyu sauti, huyu taa, huyu saa na chakula, na msiingiliane. Mkipata hela ya kuongeza mtu wa sita, msinunue kamera ya pili kwanza. Tafuteni mtu wa mwendelezo. Filamu nyingi za huku zina picha nzuri tu. Kinachomtoa mtazamaji ni kapu lililojaa chai mlangoni na tupu sebuleni, au kitenge kilichobadilika rangi kati ya swali na jibu. Mtu huyo hahitaji mashine. Anahitaji daftari, simu ya kupigia picha za ukumbusho, na ruhusa ya kusema "subirini" bila kukemewa na mwongozaji.